Sikio Linalotoa Usaha

Pengine unaye mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha tangu masika, nawe umekwisha kulizoea. Unafuta kwa kitambaa, unatia mafuta ya uvuguvugu kama alivyofanya bibi, na mtoto anaendelea kucheza.

Ni mara chache, lakini hutokea: vijidudu vya usaha hula mfupa mwembamba ulio kati ya sikio na ubongo, vikafanya jipu ndani ya ubongo wenyewe. Jino lililooza au kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo huweza kulileta. Mtoto huumwa kichwa bila nafuu, hutapika, husinzia. Pengine homa ni kidogo tu. Akishikwa na kifafa, au mkono mmoja ukilegea, watu wa nyumbani huanza kunong'ona habari za mashetani, na siku zinapotea.

Vidonge peke yake haviliwezi jipu kubwa. Mgonjwa hupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya kompyuta, halafu akiwa katika usingizi wa dawa daktari hutoboa tundu dogo katika fuvu na kuvuta usaha kwa sindano. Akina baba wengi husikia "kupasuliwa kichwa" wakakataa papo hapo. Mwambie mumeo hivi: Daktari William Macewen wa Glasgow aliandika mwaka 1893, kabla penisilini haijajulikana, kwamba kati ya wagonjwa 19 aliowapasua kwa jipu hili, 18 walipona.

Kwa mama wa Gairo, barabara kuu inapita mlangoni: upande mmoja Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma; upande wa pili Morogoro na mbele yake MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini usipande basi na mtoto anayepigwa na kifafa. Anza hospitali ya karibu, apewe dawa ya kwanza na barua ya rufaa.

Jiandae kukaa. Dawa za sindano huendelea kwa wiki 6 hivi, kwa hiyo panga mapema na mama mkwe au dada nani atapikia waliobaki. Na kabla hamjaruhusiwa, uliza habari za lile sikio, maana lisipotibiwa jipu huweza kurudi.