Mwananchi Anadai Sababu
Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kauli hiyo haipimwi kwenye sanduku la kura pekee. Hupimwa pia dirishani, pale ofisa anapokataa ombi la leseni. Ibara ya 47 ndiyo inayoifikisha hapo: haki ya mtu ikiathiriwa na uamuzi wa kiutawala, anastahili kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 ikaweka utaratibu wake. Naiona ibara hii kuwa nzito kuliko inavyodhaniwa, maana mwenye mamlaka ya kuazima hudaiwa maelezo na aliyemwazima.

Wapo wanaosema kuandika sababu kunachelewesha kazi, na kwamba mtaalamu aachwe aamue. Ni kweli, mwanasosholojia Max Weber alionyesha kwamba nguvu ya urasimu hutokana na kanuni, mafaili na utaalamu. Lakini faili hilohilo ndilo linalohifadhi sababu, na ofisa aliyeamua kwa kufuata kanuni hahitaji siku nzima kuitaja sababu hiyo. Anayechelewa ni yule anayeanza kuitafuta baada ya kuamua. Utaalamu humwezesha mhandisi kujua daraja litabeba uzito gani. Haumpi ruhusa ya kumhamisha mkazi wa kando ya mto bila kumweleza kwa nini.