Majina mawili kwanza, kuku baadaye

Wanandoa vijana wanaotaka kuondoka Nairobi au Kisumu wakaanze maisha ya kujitegemea Migori au Homa Bay hawajakosea. Shamba la mahindi na viazi vitamu, kuku wa kienyeji, ng'ombe mmoja wa maziwa, tangi la maji ya mvua na paneli ya sola juu ya mabati: yote haya yanawezekana katika kaunti hizi mbili, na wapo wanaoishi hivyo tayari, kuanzia Kabondo hadi Uriri. Tatizo letu ni namna wanavyotafuta. Wengi huanza na nyumba: ina vyumba vingapi, barabara iko umbali gani, jirani ni nani. Hati huja mwisho, na mara nyingi mume huishughulikia peke yake na dalali huku mke akihesabu vifaranga vitakavyonunuliwa. Sisi tunasema hati itangulie, na iwe na majina ya wote wawili.

Kabla ya majina hayo mawili, kuna jina jingine la kuchunguza, nalo ni la marehemu. Ni kawaida kabisa katika sehemu hizi kumkuta mwuzaji anayesema shamba ni lake, kumbe daftari la ardhi bado lina jina la babu aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Atakuonyesha makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee, pengine na mhuri wa chifu. Barua ya chifu ina kazi yake mahakamani, kwani ndiyo hutaja warithi ni akina nani. Haihamishi ardhi. Sheria ya Urithi inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na inakataza kuuza ardhi yake kabla mahakama haijathibitisha cheti cha usimamizi wa mirathi. Kwa kawaida uthibitisho huo hautolewi kabla ya miezi 6 kupita tangu cheti kitolewe. Anayekuambia muda huo ni mrefu mno, na kwamba mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi, mwache amuuzie huyo mteja. Mkinunua kwa haraka mtajenga, mtapanda miembe, kisha binamu atatokea Mombasa na wakili.

Hata mwuzaji akiwa hai na jina ni lake, nendeni wenyewe kwenye ofisi ya ardhi mkaombe taarifa rasmi ya kipande hicho. Ni karatasi fupi yenye sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza namba na ukubwa wa ardhi, ya pili inamtaja mwenyewe, na ya tatu inaeleza kinachoizuia: mkopo wa benki, zuio la mrithi au amri ya mahakama. Watu husoma ya pili wakafurahi, wakakunja karatasi. Someni ya tatu. Kisha mwiteni mpima ardhi atembee mpakani pamoja nanyi na majirani, kigingi baada ya kigingi. Kwa ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kutia saini. Pasipo kibali, sheria inayahesabu mauzo hayo kuwa batili. Na mkifika mbele ya bodi, mke wa mwuzaji awepo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili, na kesi nyingi za uchungu huanza na mke aliyekuwa shambani siku mume alipopokea pesa.

Sasa majina yenu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi mali itagawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja ndoa ikivunjika. Kila mmoja atathibitisha alichochangia. Sheria ya 2013 inakubali kwamba kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba ni mchango, na hilo ni jema. Lakini fikirieni maisha yenyewe mnayoyatafuta. Mtu anayejitegemea shambani hapati hati ya mshahara. Nani huweka risiti ya palizi? Nani atamwonyesha jaji mitungi aliyobeba miaka 12 kutoka kisimani, au usiku aliokesha na ng'ombe anayezaa? Maisha haya, kuliko ya mjini yenye akaunti za benki, huacha ushahidi mchache wa jasho la mtu. Ardhi ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, sheria inachukulia kwamba mna haki sawa mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi unahama.

Kifo ni jambo zito zaidi. Mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki aliyebaki hupeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina la marehemu likafutwa, na ardhi ikabaki yake. Hakuna kikao cha shemeji cha kuamua mjane aende wapi. Kusini mwa Nyanza panajua habari hiyo vizuri kuliko sehemu nyingi za nchi. Ukimwi ulipokuwa ukiua watu wazima kwa wingi miaka ya 1990, wajane walifukuzwa kwenye mashamba waliyoyalima wenyewe, na mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu wanawake wa Kenya walionyang'anywa mali kwa njia hiyo. Dawa zimepunguza vifo. Tabia ya kumwona mke kuwa mgeni aliyeolewa tu haijaisha.

Tunajua jibu litakalotolewa: kwetu mwanamume ndiye hujenga dala, yaani boma, huenda na jogoo, shoka na mwanawe wa kwanza, na mke humfuata. Hatuna neno na desturi hiyo. Mke naye huwapo siku ile, kwani boma halianzishwi bila yeye, na hiyo ni sababu nzuri ya jina lake kuwapo pia kwenye hati. Mume naye analindwa. Wapo walimu na wauguzi wengi ambao mkopo wao wa sacco ndio ulionunua shamba, na mume ndiye anayelilima kila siku. Na wanaoishi pamoja bila ndoa iliyosajiliwa waisajili kwanza, hata kama ni ya kimila, kwa sababu umiliki wa pamoja wa aina hii ni wa wanandoa. Wasiotaka ndoa waandikishe hisa za kila mmoja.

Hati ikiwa safi, angalieni ardhi yenyewe, tena msimu wa kiangazi. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo madalali wa Rongo na Oyugis wanaipenda, haifiki hata thumni ya ekari. Itatosha nyumba, sukuma wiki na kuku, haitamlisha ng'ombe. Chunguzeni kuta za majirani: nyufa ndefu zinazopanda kutoka msingini ni dalili ya udongo mweusi wa mfinyanzi, na msingi wake ni ghali. Ufuoni ulizeni maji yalifika wapi mwaka 2020, Ziwa Viktoria lilipofurika likazamisha nyumba, na Nyatike ulizeni kuhusu mto Kuja. Tembeeni ndani ya mahindi mkitafuta kimmea chenye maua ya zambarau. Hiyo ni kayongo, hunyonya mahindi mizizini. Isiwafukuze, kwa maana watafiti wa ICIPE pale Mbita wamefundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari na nepia pembeni. Kayongo hupungua na ng'ombe hupata lishe. Bei ya shamba ndiyo ishuke.

Maji piga hesabu. Paa la mabati la mita 60 za mraba, mvua moja nzito ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa zinazopotea, bado una karibu 1,000. Familia ya watu 4 inayotumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku itaishi siku 125 kwa tangi la lita 10,000. Tangi hilo linunuliwe kabla ya vigae vya sebuleni.

Kwa ofisi za ardhi za Migori na Homa Bay tuna ombi moja. Kila mnunuzi aliye na ndoa anapofika mezani na fomu ya uhamisho, karani amwulize kama jina la mwenzake litaandikwa, na amweleze tofauti ya umiliki wa pamoja na umiliki wa hisa. Kwa wanandoa: nendeni wote wawili siku hiyo, na vitambulisho vyenu vyote viwili. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani yake, na jina la pili haliuongezi hata kwa shilingi moja.