Volumina ipigwe Nairobi

Wanaodai kwamba Volumina ya György Ligeti ni kelele isiyomhusu msikilizaji wa mitaa ya Nairobi kama Nyayo Highrise au Kibera wanamkosea heshima msikilizaji huyo. Kazi hiyo ya ogani, iliyotungwa 1961 na 1962, haina wimbo wa kufuata, kweli. Mpigaji hulalia vitufe kwa viganja na mikono mizima, na mtunzi aliichora kwa maumbo badala ya noti za kawaida. Lakini sikio linaloishi kati ya honi za matatu, jenereta, spika za mahubiri na kwaya za mazoezini limezoea kuchambua sauti zilizorundikana. Hicho ndicho Ligeti anachokidai: kusikiliza sauti ikinenepa, ikikonda, ikibadilika rangi pole pole.

Mtasema ogani ni chombo cha wakoloni. Mtunzi Fela Sowande wa Nigeria alikwisha kulijibu hilo kwa kukitungia kazi zilizojengwa juu ya nyimbo za Kiyoruba, na Ligeti mwenyewe baadaye alijifunza mengi kutoka kwa muziki wa Afrika ya Kati. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, naukubali uzito wake. Ila ogani ya mabomba ipo tayari katika kanisa kuu la All Saints, na mradi wa muziki wa Ghetto Classics wa Korogocho umeonyesha kwamba vijana wa mitaa ya mabanda huumudu muziki mgumu wakipata vyombo na walimu. Kinachotakiwa ni milango ya kanisa hilo kufunguliwa Jumamosi mchana, bila kiingilio, na mpigaji aeleze kwanza anachokusudia kufanya.