Usimwachishe Mtoto Ziwa

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mfugaji mmoja hapa Rungwe. Nilikwenda kuangalia banda lake. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Mlangoni nilimkuta mama yake, nikamwamkia. Aliitika kwa huzuni.

"Bwana Shamba," alisema, "maziwa ya mkwe wangu yameharibika. Mjukuu wangu ana miezi 2. Choo chake kina damu na kamasi. Kesho tunamwachisha ziwa. Tutampa maziwa ya ng'ombe."

Nikamjibu, "Mama, mimi ni mtu wa mazao na mifugo. Mtoto huyu ni mgonjwa. Twendeni zahanati." Tulikwenda siku ile ile.

Mganga alimpima mtoto kwanza, kwa sababu damu katika choo huletwa na magonjwa mengi. Kisha alimwuliza mama mtoto anakula nini. Mama alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni, ili apate nguvu ya kunyonyesha.

Mganga akatueleza hivi. Maziwa ya mama hayakuharibika. Lakini chembe ndogo za chakula cha mama hupita katika maziwa yake. Miili ya watoto wachache huzikataa. Mara nyingi kinachokataliwa ni maziwa ya ng'ombe. Wakati mwingine ni mayai, soya au ngano. Kumpa mtoto kama huyo maziwa ya ng'ombe ni kumzidishia ugonjwa. Maziwa ya mbuzi nayo hayafai, maana yanafanana na ya ng'ombe.

Mama aliambiwa aendelee kunyonyesha. Aache maziwa ya ng'ombe kwa majuma 2 hadi 4. Aache pia mtindi, siagi, chai ya maziwa na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Vyakula vingine asiviache. Mama akiacha vyakula vingi kwa pamoja atadhoofika. Tena hatajua ni kipi kilichomdhuru mtoto.

Hapo ndipo nami nilipata la kusema. Niliwashauri wauze maziwa yote, na fedha wanunue usipa. Samaki hao huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo humpa mama chokaa aliyokuwa akiipata katika maziwa. Maharage na mboga za majani wanazo shambani.

Juzi nilipita tena. Majuma 3 yalikuwa yametimia. Choo cha mtoto hakina damu, naye ananyonya vizuri. Bibi yake alinipa mkungu wa ndizi. Mganga ndiye atakayesema lini mama ajaribu tena maziwa kidogo, ili kuhakikisha. Watoto wengi wa namna hii hupona wanapokua.

Akina mama, kumbukeni:

1. Si kila mtoto anayelia amedhuriwa na chakula cha mama. Watoto wachanga wengi hulia tu.
2. Ukiona damu katika choo cha mtoto, nenda zahanati upesi.
3. Usiache chakula kwa kusikia maneno ya jirani. Uliza kwanza.
4. Usimwachishe mtoto ziwa.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu