Goli Moja Katika Mechi Iliyopotea

Je, msomaji mpenzi, timu isiyoshinda hata mechi moja yaweza kusonga mbele? Yaweza. Tanzania ilifanya hivyo huko Moroko, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025. Kama ulifurahi bila kuelewa sababu, keti kidogo tuhesabu pamoja.

Mataifa yalikuwa 24, yakagawanywa makundi 6 ya timu 4. Mshindi hupata pointi 3. Wakitoka sare kila mmoja hupata 1. Aliyefungwa hapati kitu. Wawili wa kwanza wa kila kundi hupita, nao jumla ni 12. Zabaki nafasi 4, ambazo hupewa timu za tatu zilizo bora kuliko wenzao.

Tanzania ilifungwa na Nijeria 2 kwa 1, ikatoka sare 1 kwa 1 na Uganda, kisha 1 kwa 1 na Tunisia. Ikawa ya tatu kwa pointi 2. Angola nayo, katika kundi lake, ikawa ya tatu kwa pointi 2. Basi apite nani?

Kwanza hutazamwa tofauti ya magoli. Ni kama mkulima wa hapa Kilombero anavyotoa gharama za shamba katika fedha za mpunga wake, ajue faida au hasara. Tanzania ilifunga 3, ikafungwa 4: hasara 1. Angola ilifunga 2, ikafungwa 3: hasara 1 vile vile. Ndipo yakahesabiwa magoli ya kufunga peke yake. Tanzania 3, Angola 2. Tukapita makundi kwa mara ya kwanza, ingawa tarehe 4 Januari 2026 Moroko walitutoa kwa goli 1 kwa 0.

Sasa angalia: goli la Charles M'Mombwa halikutuokoa siku ile mbele ya Nijeria. Lakini bila hilo, Angola ndiyo ingepita.

Timu za kundi moja zikilingana pointi, hutazamwa kwanza mechi yao wenyewe. Januari 2024, huko Ivory Coast, Tanzania na Zambia zilipata pointi 2 kila moja, nazo zilikuwa zimetoka sare 1 kwa 1. Ikatazamwa tofauti ya magoli yote: Zambia hasara 1, sisi hasara 3. Tukashika mkia. Na kila kitu kikilingana, hupigwa kura ya bahati. Mwaka 2015 Guinea na Mali, kila moja ikiwa na sare tatu za 1 kwa 1, zilipigiwa kura hiyo, Guinea ikapita.

Basi wewe unayepanga mashindano ya vijana Ifakara, Mang'ula au Mlimba, andika kanuni kabla ya mechi ya kwanza, zisomwe mbele ya makapteni wote. Zikitungwa baada ya mechi ya mwisho, kila mtu atavutia kwake, na mchezo utazaa ugomvi. Na vijana wako wakiwa nyuma magoli 4, zimebaki dakika 5, wasikate tamaa. Goli la kupunguza nalo lina kazi yake.