Kuruka kila mtu anaruka. Kutua je?

Wasee, tuseme ukweli. Kila wiki lazima video ya taekwondo inipitie kwenye simu: kijana amepaa, amezunguka hewani, ubao umepasuka, emoji za moto kibao. Halafu video inakatwa kabla hajatua. Kwa nini? Kwa sababu kutua ndiko hutoa siri.

Shida ni kwamba hata timu tunazichagua hivyo hivyo. Kocha amesimama kando, amekunja mikono, anakuangalia ukiruka mara tatu, anasema "wewe uko sawa, wewe bado." Amekupima na nini? Na jicho. Na jicho lina upendeleo, maze. Linapenda msee wake, linapenda mwenye mkanda mweusi, linapenda mwenye analipa ada mapema. Tepu ya fundi wa nguo haijui baba yako ni nani.

Hii si stori ndogo. Kwa taekwondo ya Olimpiki, teke la kawaida kifuani ni pointi 2, kichwani 3. Ukipiga teke la kuzungusha mwili, kifuani inakuwa 4, kichwani 5. Ukianguka, refa anakupa adhabu na mpinzani anaongezwa pointi 1. Yaani teke linalolipa zaidi ndilo linakuacha ukiyumba kwa mguu mmoja. Balansi ni pointi. Mbona basi hakuna anayeiandika mahali?

Na msiniambie ni pesa. Kupima kuruka unahitaji chaki na ukuta. Paka vidole chaki, simama kando ya ukuta, nyosha mkono, weka alama. Ruka, gusa tena, pima katikati ya alama mbili. Mwalimu Mmarekani, Dudley Sargent, aliandika kuhusu mtihani huu 1921. Miaka mia imepita! Ama tumia simu: rekodi video ya polepole, hesabu muda ambao miguu haijagusa chini. Nusu sekunde hewani ni kama sentimita 31. Usikunje magoti ukishuka, hapo unajiongezea sentimita za uongo.

Balansi nayo? Bandika selotepu sakafuni kama herufi Y. Simama katikati kwa mguu mmoja, fikisha ule mwingine mbali uwezavyo: mbele, halafu nyuma pande zote mbili. Pima, badilisha mguu. Gawanya kwa urefu wa mguu wako, ndiyo mrefu asishinde bure. Utafiti wa 2006 kwa wachezaji wa basketboli wa shule za sekondari Marekani ulipata kwamba waliokuwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, kwa ule upande wa mbele, waliumia miguu mara 2.5 zaidi. Najua, basketboli si taekwondo. Lakini goti linalotua vibaya haliulizi umevaa jezi gani.

Kuna wale watasema, "Ulingoni hatushindani kwa tepu." Kweli kabisa. Tepu haipimi roho, haipimi kusoma mpinzani. Haichagui bingwa. Kazi yake ni kukuonyesha mguu wako wa kushoto ukilinganishwa na wa kulia, na wewe wa mwezi huu ukilinganishwa na wewe wa mwezi uliopita.

Hapo ndipo mambo huwa noma. Msee ameumia goti, amekaa nje wiki sita, kocha anauliza, "Uko fiti?" Atajibu nini na kuna mtu anamezea mate nafasi yake? "Niko fiti, kocha." Kama kuna daftari, namba za zamani zinasema ukweli ambao yeye anaogopa kusema. Kama hakuna, anarudi kuruka na goti nusu. Likienda safari hii, kocha atapata kijana mwingine. Yeye hatapata goti lingine.

Msichana anayeota kufika alikofika Faith Ogallo, Olimpiki ya Tokyo, anastahili zaidi ya "utaiva tu."

Kwa hivyo mazoezi yajayo, muulize kocha wako kwa heshima: "Kocha, namba zangu ziko wapi?" Akikosa jibu, usigombane. Toa chaki mfukoni, mwonyeshe ukuta.