Eti Ni Taa Tu!

Najua niliahidi kuandika kuhusu mazoezi ya kufundisha, lakini hayo yatasubiri. Wiki hii nina donge kooni na lisipotoka leo sitalala. Linahusu matairi. Ndiyo, matairi! Mimi binti wa ualimu, Fizikia na Hisabati, mwaka wa tatu, nisiye na hata baiskeli, leo nawaandikia habari za matairi ya mjomba. Vumilieni.

Mjomba wangu anakaa Kibamba. Ana gari dogo la Nissan la mwaka 2015 lililokuja kutoka Uingereza, analipenda kama mtoto wa mwisho. Mwezi uliopita matairi yalikuwa yamekwisha kabisa, upara mtupu, akanipigia simu: "Mwalimu, leo una vipindi vingapi?" Nikamwambia kimoja tu, cha asubuhi. "Basi njoo uchukue gari ulipeleke wakafunge matairi mapya, mimi nimebanwa kazini." Leseni ninayo (asante mjomba huyo huyo), na nani anakataa kuendesha gari Dar siku ambayo si lake petroli? Nikaenda.

Duka silitaji. Ni duka la kawaida, lina mashine ya kutolea matairi, lina ya balansi, lina vijana wanne wachapa kazi na redio inayolia kwa sauti ya juu. Walifanya haraka, nikiri. Nilikaa kwenye benchi nasoma notisi, baada ya saa moja na nusu wakaniita. Nikalipa, nikawasha gari. Kwenye dashibodi taa ya njano, ile yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati, ikawa inapepesa. Ikapepesa kama dakika nzima, halafu ikatulia pale pale inawaka.

Nikamwita fundi. Akachungulia. "Hiyo itazima yenyewe ukitembea kilometa chache."

Nikatembea hadi Kimara. Haikuzima. Nikageuza nikarudi, foleni yote ile. Fundi akacheka kidogo, si kwa ubaya, kile kicheko cha mtu anayemwonea huruma mgeni. "Dada, hiyo ni taa tu. Mambo ya umeme wa magari ya Ulaya. Matairi yako mapya, upepo nimekujazia 40 ili ukae muda mrefu. Unaogopa nini?"

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na sitaruka. Jioni nilipomrudishia mjomba gari, akaiona taa, akauliza. Nami mwanafizikia wenu, niliyesimama mbele ya wanafunzi 80 na puto mkononi nikiwafundisha kanieneo, nikamjibu kwa maneno ya fundi yale yale: "Ni taa tu mjomba." Akaniamini, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Wiki tatu baadaye mjomba, anti na watoto wawili wakaelekea Morogoro kumuona bibi. Walipofika Chalinze wakasimama kununua machungwa, muuzaji akamwambia mjomba, "Mzee, tairi lako la nyuma limekaa." Lilikuwa limekaa kweli. Msumari mdogo, upepo unavuja polepole. Geji ya kituo cha mafuta ikasoma 15, wakati kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinasema 32. Hawakudhurika, na siwezi kujifanya kwamba lilitokea jambo kubwa. Walifunga tairi la akiba, wakala machungwa, wakafika. Lakini mjomba aliponisimulia kwa simu, kwa utani kabisa, miguu iliniisha nguvu. Taa iliyowekwa kwenye gari kwa ajili ya siku hiyo hiyo ilikuwa inawaka muda wote, na mimi nilikuwa nimewaambia waizoee.

Basi nikaanza kusoma. Na nikienda na mjomba kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Tabata mwenye subira ya mwalimu wa chekechea, nikawa namuuliza maswali mpaka akaniuliza kama nina mtihani.

Kumbe kila gurudumu la gari kama lile lina kidude ndani ya rimu, kimeshikamana na mguu wa valvu. Kamusi itakiita kihisi, mafundi wanakiita sensa (sio ile ya kuhesabu watu ya 2022, msije mkamtafuta karani ndani ya tairi). Kinapima upepo na joto, kinatuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Kina betri yake iliyofungiwa ndani, haibadilishwi, inakaa kati ya miaka 5 na 10 hivi, ikifa unanunua kidude kizima. Na kila kidude kina namba yake ambayo gari linapaswa kuitambua, kama namba ya mtahiniwa. Ukileta kingine bila kuandikisha namba, kompyuta inaita majina, hakuna anayejibu "nipo".

Mzee alipofungua magurudumu, tukaona. Mawili yana sensa. Mawili hayana, kuna valvu za kawaida za mpira za bei ya maandazi. Akanionyesha pia inavyotokea: kuna hatua mashine inabana tairi ili ukingo wake ubanduke kwenye rimu. Fundi anayejua anaangalia kwanza valvu iko wapi, anaanzia mbali nayo. Asiyejua, au mwenye haraka, anabana pale pale ilipo sensa, na plastiki inapasuka kama ganda la karanga. Anaitoa, anaweka valvu ya mpira, anajaza upepo, anakuita ulipe.

Na ile kupepesa ilikuwa na maana! Kwenye gari hili taa ikiwaka moja kwa moja, maana yake upepo umepungua. Ikipepesa kama dakika moja kwanza kisha ikatulia, maana yake mfumo wenyewe ni mgonjwa, usiutegemee. Hata ile kauli ya kilometa chache ina ukweli wa nusu: upepo ukisharekebishwa, gari lazima litembee kwa zaidi ya mwendo wa kilometa 25 kwa saa ndipo taa izime. Lakini hilo ni kwa sensa zilizo hai. Sensa iliyo jalalani haizimi taa hata ukienda nayo Mbeya.

Nataka kuwajibu pia wale mtakaosema mbona daladala hazina sensa na zinatembea. Kweli. Lakini dereva wa daladala anazunguka gari anagonga matairi, na konda wake anaona. Sisi wa magari madogo tunaingia, tunafunga kioo, tunawasha muziki. Hivi vidude vililetwa kwa ajili ya watu kama sisi, na vililetwa baada ya watu kufa. Huko Marekani mwaka 2000 matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, yalikuwa yanabanduka ngozi katika mwendo kasi na magari yanapinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilipita 200. Agosti mwaka huo matairi kama milioni 6.5 yakaitwa yarudishwe, na sehemu ya ugomvi kati ya kampuni mbili hizo ilikuwa ni upepo: Ford walikuwa wakipendekeza 26, Firestone wakasema ilifaa iwe 30. Tofauti ya nne tu jamani. Novemba 1 Rais Clinton akasaini sheria iliyozaa hii taa, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya la kule likatakiwa kuwa nayo, ikimuonya dereva upepo ukipungua kwa robo. Ulaya wakafuata, magari yote madogo mapya kuanzia Novemba 2014. Ndiyo maana la mjomba, la 2015, linayo.

Kisa chenyewe ni fizikia ya kawaida. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavuni kila linapozunguka, kukunjika kunazaa joto, joto linaachanisha tabaka za mpira na nyuzi za chuma. Hulioni likitokea. Chukua tairi hilo, weka watu wanne na gunia la mchele la bibi, tembeza kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana. Mimi ningemuuliza mwanafunzi swali hilo angelijibu. Ningempa alama tano.

Na hapo kwenye 40? Naye alinidanganya kwa nia njema. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, na kipimo ni cha kibandiko, sio cha huruma ya fundi. Kuzidisha ili "ukae" kunalifanya tairi liwe gumu, lishike lami kidogo, liishe katikati.

Maoni yangu sasa, maana kulia tu si hoja. Simlaumu fundi kwa kuvunja. Sensa za gari la miaka hiyo zilikuwa zinakaribia kufa zenyewe, plastiki imezeeka, hata mzee wa Tabata alisema naye ameshavunja. Namlaumu kwa kunyamaza. Angenionyesha vipande akasema, "Dada, mbili zimevunjika, gari halitakuonya tena, pima upepo kwa mkono," ningekasirika dakika tano na mjomba angenunua geji siku hiyo hiyo. Kuvunja kulitugharimu hela. Kunyamaza kulikuwa na bei nyingine, na waliopangiwa kuilipa ni watoto wa mjomba waliokuwa wamelala kiti cha nyuma.

Na sisi wateja tunachangia, tena sana. Nilirudi kwenye duka lile. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugomba, hotuba ninayo kichwani tangu Ubungo. Yule fundi alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi. Ndani ya kopo kulikuwa na sensa. Sikuzihesabu, lakini lilikuwa linakaribia kujaa. Nyingine zimepasuka, nyingine nzima kabisa. "Chagua ya kwako," akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Nikimwambia mteja imevunjika, ananidai. Nikimwambia nunua mpya, anasema nataka kumwibia. Nikimwambia ni taa tu, anaondoka anafurahi. Hata wewe uliondoka." Hotuba yangu yote ikayeyuka. Kila sensa ndani ya lile kopo ni gari fulani linalotembea sasa hivi na taa ya njano, na dereva ambaye ameshaizoea.

Hakutulipa kitu, na mimi bado nasema alipaswa kutulipa. Siku hizi, kabla mtu hajagusa gurudumu, ninasema kwa sauti: "Gari hili lina sensa, kuna nne, ukivunja nionyeshe." Wananitazama kama mwalimu mnoko. Na iwe hivyo.

Kwa wanaotaka kujua tulivyomaliza: sensa mbili za kwanza tulizonunua Kariakoo hazikusomeka kabisa, kwa sababu zilitoka kwenye gari la Japani linalotumia megahezi 315, wakati la Uingereza linasikiliza 433. Hela ikapotea. Mbili za pili zikakubali, mzee akaziandikisha kwa mashine yake, mjomba akatembea hadi Mbezi na kurudi, taa ikazima. Mchango wangu nitaulipa boom likitoka, ingawa mjomba anasema niache upuuzi.

Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inayoniuma. Amenunua geji, anaiweka kwenye droo ya gari, na kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa ananitumia ujumbe: "Mwalimu, 32 zote nne." Anti mpaka leo hajui kwamba ni mimi niliyesema ni taa tu. Bahati nzuri hasomi blogu, kwa hiyo naomba asiwepo wa kumpelekea.